Kneller Aliwachora Bila Miguu

Desemba ikifika, familia nyingi za Uingereza hununua kanisani au shuleni karatasi ya mafumbo inayouzwa kwa bei ndogo kuchangia jambo la hisani. Karatasi hiyo hukaa mezani sikukuu nzima. Mara nyingi mada ni peremende na chokoleti, yaani kila jibu ni jina la kitu kitamu kinachopatikana dukani. Mafumbo ya mwanzo hayamsumbui mtu. "Sayari nyekundu (4)" ni Mars. "Wenye akili (8)" ni Smarties. "Saa mbili na dakika moja usiku (5, 5)" ni After Eight, chokoleti nyembamba ya mnanaa. Kisha linakuja la kuwanyamazisha wote:

"Wataje kwa sauti: Kneller aliwachora bila miguu (3, 3)."

Nimelitunga mwenyewe kwa ajili ya makala haya, kwa sababu mbinu zinazolifumbua zinafaa kwa mengine mengi. Watoto wakisikia "bila miguu" watakimbilia nyoka wa jeli. Mtu mzima atashika simu kumtafuta Kneller. Simu na ingoje kwanza, maana fumbo limetoa mengi lenyewe.

Anzia kwenye namba. Mtungaji anakuambia jibu lina maneno mawili, kila moja lina herufi tatu. Mada ya karatasi nayo imekwisha kukufungia ndani ya duka la peremende, na humo dukani majina ya herufi tatu na tatu ni machache mno. Wengi huanza kupambana na neno lisilojulikana, wakachoka. Mfumbuaji mzoefu huanza na mipaka, kisha neno gumu hulibakiza liwe la kuhakikishia jibu.

Sasa ligawe fumbo palipo na nukta mbili. "Wataje kwa sauti" ni agizo: jibu litafanana na jina la watu hao kimatamshi, lakini tahajia itatofautiana. Kinachobaki ni swali la historia. Kneller aliwachora akina nani?

Godfrey Kneller alizaliwa Lübeck, Ujerumani, akawa mchoraji wa wafalme wa Uingereza, na alifariki mwaka 1723. Miongoni mwa kazi zake ni picha za wanachama wa klabu moja ya London iliyowakutanisha wanasiasa wa chama cha Whig na waandishi: Robert Walpole, Joseph Addison, William Congreve na wenzao. Nyingi zilikuwa za kipimo kimoja, inchi 36 kwa 28, zikionyesha kichwa, kifua na mkono, basi. Inasimuliwa kwamba dari ya chumba chao cha mikutano ilikuwa ya chini, isiyofaa kwa picha ndefu. Klabu hiyo iliitwa Kit-Cat, na hadi leo picha ya kipimo hicho huitwa kwa jina lake. Itaje kwa sauti na chokoleti iko mkononi. Kampuni ya Rowntree ya mjini York ilisajili jina la Kit Kat mwaka 1911, lakini chokoleti yenye vijiti vinne ilipotoka mwaka 1935 iliitwa Chocolate Crisp, ikapewa jina la Kit Kat mwaka 1937.

Je, fumbo hili ni la haki? Kwangu hilo ndilo swali kubwa kuliko yote. A. F. Ritchie, mwalimu mkuu wa shule ya Wells Cathedral aliyetunga mafumbo kwa jina la Afrit, aliwawekea watungaji sharti katika kitabu chake cha mwaka 1949: sura ya sentensi yaweza kumpoteza msomaji, ila maneno yenyewe sharti yafikishe kwenye jibu bila uongo. Ukiondoa "Wataje kwa sauti", fumbo langu linavunja sharti hilo, kwa kuwa klabu iliandikwa kwa C na chokoleti kwa K. Mtungaji anayeficha agizo la namna hiyo amemwibia msomaji.

Msomaji aliyekulia kwenye vitendawili atauona utofauti. Kitendawili kina mlango mmoja, na aliyeshindwa hutoa mji. Fumbo la magazeti ya Kiingereza huwa na milango miwili: upande mmoja maelezo ya jibu, upande wa pili mchezo wa maneno unaolithibitisha. Katika karatasi ya peremende, mada yenyewe ndiyo maelezo, kwa hiyo sentensi nzima inabaki huru kucheza.

Tena majibu yamegawanyika kwa umri. "Zamani maili 26, leo kicheko cha chinichini (8)" ni Snickers, ambayo Waingereza waliinunua kwa jina la Marathon hadi mwaka 1990. Bibi atalipata kabla mjukuu hajamaliza kulisoma, kama atakavyokumbuka kwamba Starburst iliitwa Opal Fruits hadi 1998. Chuo cha King William's, shule ya kisiwa cha Man, kimekuwa na utamaduni unaowakutanisha wakubwa na wadogo namna hiyo tangu 1905: wanafunzi walipewa mtihani mgumu wa maarifa ya jumla kabla ya likizo ya Krismasi, wakapata alama chache, wakaenda nao nyumbani kuulizana na wazazi, kisha wakaufanya tena waliporudi. Napenda mtihani unaodhani kwamba jibu huenda liko kwa shangazi.

Nakuachia moja, na kila unachokihitaji kimo ndani yake: "Nahodha Bligh alinyang'anywa mwaka 1789 pamoja na miche ya mishelisheli, leo imejaa nazi (6)."