Istilahi za Boti ya Mfano: Kutoka Omo hadi Tezi

Boti ya mfano iongozwayo kwa redio ni chombo kidogo, lakini msamiati wake si mdogo. Mwalimu wa sayansi huko Sirari, wilayani Tarime, anayetaka kuwaonyesha wanafunzi kanuni za mwendo. Karani wa forodha katika mpaka huohuo wa Tanzania na Kenya, anayepaswa kueleza bidhaa iliyomo sandukuni. Na mfasiri aliyekabidhiwa kijitabu cha maelekezo, wote hukabiliwa na swali moja: sehemu hizi na kasoro hizi ziitweje kwa Kiswahili? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya jibu imo tayari katika lugha ya mabaharia wetu, na kwamba istilahi mpya iundwe pale tu ambapo kukosekana kwake humfanya mtendaji akosee kazi.

Chombo chenyewe si kigeni sana kama kinavyodhaniwa. Mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla alionyesha hadharani boti ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio bila waya. Hivyo basi uongozaji wa vyombo kwa redio, tangu mwanzo wake, ulihusu boti.

Kurekebisha si kukarabati

Kwanza hatuna budi kutenganisha vitendo vitatu. Kukarabati ni kukirudishia chombo kilichoharibika hali yake ya awali. Kutunza ni kukizuia kisiharibike. Kurekebisha, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni kubadili mpangilio wa chombo kizima ili kiende kasi zaidi na kumtii zaidi anayekiongoza. Mfasiri anayetumia neno "kutengeneza" kwa vitendo vyote vitatu humwacha msomaji akitafuta ubovu usiokuwapo.

Uzito na mlalo

Marekebisho huanza na uzito. Katika boti ya mfano, kitu kizito aghalabu ni betri. Ikisogezwa mno kuelekea omo, yaani mbele, boti huzamisha pua, hulima maji na kupoteza kasi. Ikisogezwa mno kuelekea tezi, yaani nyuma, omo huinuka na kuanguka mfululizo, na upepo waweza kuipindua boti. Kwa boti nyingi za kasi, kitovu cha uzito hufaa kiwe karibu na theluthi moja ya urefu wake, kupimwa kutoka tezi.

Kasoro hiyo ya kuinuka na kuanguka hupewa jina la mnyama wa baharini katika baadhi ya lugha za kigeni. Hatuoni sababu ya kulifuata jina hilo. Mwanafunzi wa Sirari hajapata kumwona pomboo, lakini amecheza mpira. Neno "kudunda" linatosha, na linaeleweka pwani na bara.

Kuyumba kwa upande ni jambo jingine, na jina lake ni "mrama". Watu wengi husema kuwa mambo yamekwenda mrama bila kujua kwamba wanatumia neno la chombo. Rafadha izungukayo kuelekea kulia, ikitazamwa kutoka nyuma, huisukuma boti ilalie kushoto. Dawa yake ni kusogeza betri kidogo upande wa kulia. Na uzito unaowekwa chini ya chombo ili kisiende mrama huitwa "farumi". Kwa hiyo mfasiri hana haja ya kuandika "vitu vizito vya kuleta uwiano". Maneno omo, tezi na ngama yamehifadhiwa hata katika methali isemayo kuwa tezi na omo marejeo ni ngamani.

Rafadha na hatua yake

Watu wengi husema "propela"; "rafadha" ni neno lililokwisha kuingia katika kamusi zetu, nasi tunalipendelea. Rafadha ina vipimo viwili. Cha kwanza ni kipenyo. Cha pili ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu mfano wa ubao upokeao parafujo. Kipimo hiki tunapendekeza kiitwe "hatua". Rafadha yenye hatua ya milimita 40, ikizunguka mara 20,000 kwa dakika, ingesonga mita 800 kwa dakika, yaani kilomita 48 kwa saa. Mwendo halisi huwa pungufu, kwa kuwa maji huteleza. Hatua ikizidi nguvu ya mota, mota hupata moto na betri huisha upesi.

Mapovu ya aina mbili

Hapa ndipo penye hatari kubwa ya kukosea. Rafadha iliyo karibu mno na uso wa maji hunyonya hewa. Mota hulia kwa kasi huku boti ikipunguza mwendo. Dawa yake ni kuishusha rafadha, isipokuwa ile iliyoundwa kufanya kazi nusu nje ya maji. Lakini kuna mapovu mengine yasiyotokana na hewa. Kanieneo ikishuka sana juu ya pezi la rafadha, maji hugeuka mvuke bila kupashwa moto, na mapovu hayo yanapopasuka huila metali. Dawa yake ni kulisawazisha pezi lenye pengo au kubadili rafadha. Kasoro zote mbili zikiitwa "mapovu" tu, fundi atashusha rafadha iliyopaswa kubadilishwa. Tunapendekeza ya kwanza iitwe "umezaji hewa" na ya pili "mchemko baridi".

Usukani na mawimbi

Usukani ukikatwa kwa pembe kubwa mno, boti huzunguka ghafla na kupoteza kasi. Hivyo mwisho wa mkato wake hupunguzwa. Amri hutoka katika kirusha-mawimbi hadi kipokezi kilichomo botini. Vyombo vya zamani vilitumia masafa ya megahezi 27 au 40. Vya sasa hutumia zaidi gigahezi 2.4. Mawimbi haya hayapenyi maji vizuri, kwa hiyo erio iwekwe juu ya usawa wa maji.

Umuhimu wa jambo hili

Pengine itasemwa kwamba haya ni mambo ya mchezo. Lakini kanuni hizihizi huhusu boti za injini za wavuvi wa Ziwa Viktoria, na vivuko vyake pia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake, kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Maneno peke yake hayazuii ajali. Hata hivyo, onyo kuhusu uzito na mrama haliwezi kumfaa abiria au nahodha ikiwa limeandikwa kwa lugha asiyoielewa. Mwanafunzi aliyesogeza betri ya boti ya mfano na kuliita tendo hilo kwa jina lake ataielewa sababu ya onyo hilo siku atakapopanda kivuko.

Wasomaji, hasa walimu na watumishi walioko kandokando ya ziwa, wanaombwa kutuletea maneno yatumiwayo na mafundi na wavuvi wa kwao. Pale ambapo neno lao ni bora kuliko "hatua", "umezaji hewa" au "mchemko baridi", inafaa lao litangulizwe.