Epoksi ya mtumbwi: Tazama hadina kabla ya bei

Mti mnene wa kutosha kuchongwa mtumbwi mzima unazidi kuwa adimu, na fundi wa Kihagara au kijiji kingine cha mwambao wa Ziwa Nyasa anayetaka kuendelea na kazi yake hana budi kufikiria chombo cha aina nyingine: mbao nyembamba au plaiwudi ya kuhimili maji, zilizounganishwa kwa epoksi na kuvikwa kitambaa cha faiba. Njia hii imekwisha kujaribiwa kwingine. Ndugu wa familia ya Gougeon, wa Bay City katika jimbo la Michigan, Marekani, walianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuunda mashua za mbao kwa epoksi, nao pia wakiwa kando ya maziwa makubwa ya maji baridi. Anayekwenda kununua epoksi huuliza kwanza bei, kisha uimara. Hoja ya makala hii ni kwamba lipo swali linalostahili kutangulia yote mawili: je, epoksi hii itaiva kikamilifu katika joto na unyevu wa mahali pa kazi? Jibu lake ndilo linaloamua mtumbwi utaishi muda gani, na ndilo linaloamua ngozi ya aliyeuunda itabaki salama au la.

Epoksi huuzwa katika makopo mawili. La kwanza lina rezini, ambayo kwa kawaida hutokana na kemikali iitwayo bisfenoli A. La pili lina kigumishi, ambacho mafundi hukiita hadina, na katika kazi za mashua huwa ni kemikali za jamii ya amini. Yakichanganywa, hakuna kinachokauka. Kama vile zege lisivyokauka bali hushikana kwa mmenyuko wa saruji na maji, epoksi nayo huwa ngumu kwa sababu molekuli za rezini hufungana na zile za hadina, zikawa wavu mmoja mkubwa. Kabla ya kufungana molekuli hizo ni ndogo. Ile ya msingi ya rezini ina uzito wa takriban 340 tu, na udogo huo huiwezesha kupenya tabaka la juu la ngozi. Zikishafungana zote, njia hiyo hufungwa. Epoksi iliyoishia njiani basi hudhuru mara mbili: hubaki laini, ikaingiza maji na kuachia mbao, na wakati huohuo huhifadhi kemikali huru zitakazomrudia fundi siku atakapoipiga msasa.

Ndiyo maana uchaguzi halisi uko kwenye hadina kuliko kwenye rezini. Chukua mfano wa rezini namba 105 ya West System, kampuni iliyotokana na kazi ya hao ndugu wa Michigan. Rezini hiyo moja hukubali hadina kadhaa. Katika nyuzi joto 22 za Selsiasi, gramu 100 za mchanganyiko wenye hadina ya haraka hudumu dakika 9 hadi 12 tu kabla ya kuanza kuganda chomboni. Ile ya polepole hutoa dakika 20 hadi 25, na ile iliyokusudiwa nchi za joto dakika 40 hadi 50. Hadina hizi hazipimwi kwa kipimo kimoja pia: mbili za kwanza huhitaji sehemu 5 za rezini kwa 1 ya hadina, ya tatu sehemu 3 kwa 1. Hapa mazoea ya kazi ya boti za faiba huponza. Katika rezini ya poliesta, fundi huongeza matone ya kichochezi akitaka kazi iende haraka, na hupunguza akitaka ichelewe. Epoksi haina ruhusa hiyo. Kila molekuli ya hadina inahitaji mwenzake, kwa hiyo kuzidisha hadina ni kuacha hadina isiyo na pa kushika, na kuipunguza ni kuacha rezini ikielea. Anayetaka kubadili kasi abadili aina ya hadina, asiguse kipimo.

Jiografia ya mkoa wa Ruvuma, ambamo Kihagara imo, inaonyesha vizuri kwa nini hadina moja haiwezi kufaa kila mahali. Kihagara iko kando ya ziwa ambalo uso wake uko chini ya meta 500 juu ya usawa wa bahari, ambako mchana ni wa joto kali; mji wa Mbinga uko juu katika milima ya Wamatengo, ambako miezi ya Juni na Julai huleta baridi na ukungu. Kanuni ya kazini ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza muda wa kuganda kwa karibu nusu. Hadina ya polepole yenye dakika 20 katika hali ya wastani hubakiwa na kama dakika 10 mwambaoni jua likiwa kali, na iliyofaa mwambaoni huweza kukesha bila kushikana kule juu. Atakayesema kwamba kuganda haraka ni faida, kwa kuwa kazi huisha mapema, aangalie kinachotokea ndani ya kopo. Mmenyuko wenyewe huzalisha joto, na mchanganyiko mwingi ndani ya chombo chenye kina hujichemsha hadi kutoa moshi unaowasha macho na mapafu. Hadina ya polepole, mchanganyiko kidogo kidogo, na sinia pana badala ya kopo refu ni kinga ya kazi na ya kifua kwa pamoja.

Unyevu nao una hesabu yake. Katika bahari, mbao hushambuliwa na viumbe wanaozitoboa, lakini chumvi huzuia kiasi fulani ukungu wa kuozesha. Ziwa Nyasa halina chumvi ya kuleta ahueni hiyo, hivyo maji yanayonaswa ndani ya mbao huwa mwanzo wa kuoza. Mbao ziwe zimekaushwa hadi unyevu wa karibu asilimia 12 au chini yake kabla ya kupakwa. Kuzifunika zikiwa mbichi ni kumfungia adui ndani. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye mtumbwi wa gogo asidhani kwamba koti la epoksi litamtibia nyufa zake. Gogo nene hutanuka na kusinyaa kwa kadiri linavyokunywa na kupoteza maji, na nguvu hiyo hupasua koti jembamba la juu. Wazee waliotumia magogo bila epoksi hawakukosa kitu. Dawa hii ni ya mbao nyembamba. Hata huko, haimalizi kazi yenyewe. Mwanga wa jua huila polepole, na epoksi nyingi zinazoiva bila tanuri huanza kulainika katika nyuzi 50 hadi 60, joto ambalo chombo cha rangi nyeusi kilichoanikwa ufukweni hulifikia. Rangi nyeupe au nyingine ya kung'aa juu yake ni sehemu ya ujenzi.

Pingamizi kubwa zaidi hutoka kwa fundi mwenye uzoefu: nimeshika kemikali hizi miaka mingi kwa mikono mitupu na sijadhurika. Ushahidi wa aina hiyo haumkingi. Mzio wa epoksi si kama kuungua. Ni kazi ya chembe nyeupe za damu, ambazo hujifunza kuitambua kemikali baada ya kukutana nayo mara nyingi. Siku zikishajifunza, hazisahau. Tangu hapo tone dogo linatosha kuleta, saa kadhaa au hata siku mbili baadaye, mwasho, malengelenge na uvimbe mikononi, usoni na kwenye kope, na njia ya uhakika ya kuuepuka ni kuiacha kazi. Epoksi isiyo na harufu kali haipunguzi hatari hii, kwa kuwa pua haipimi kinachopita kwenye ngozi. Glavu za nitraili na mikono mirefu ni sehemu ya gharama ya mtumbwi. Ikimwagikia ngozi, ifutwe kwa kitambaa kisha ioshwe kwa sabuni na maji. Thina au petroli huiyeyusha na kuisukuma ndani zaidi. Msasa usubiri hadi epoksi iive kabisa, kwa siku ambazo mtengenezaji ametaja, na barakoa ya vumbi ivaliwe hata hapo.

Inabaki hoja ya fedha, nayo ni ya kweli: poliesta ni nafuu kuliko epoksi. Kwa boti nzima ya faiba inayomiminwa katika kalibu, poliesta ina nafasi yake. Juu ya mbao, hata hivyo, husinyaa inapoganda na hushika kwa udhaifu, hivyo hubanduka na kuruhusu maji kupita kimyakimya chini ya koti. Nayo haina msamaha kwa afya: stairini iliyomo ndani yake iliwekwa mwaka 2018 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu, na kichochezi chake kikiruka jichoni kinaweza kupofusha. Mtu akibanwa na bajeti, apunguze ukubwa wa chombo au tabaka za kitambaa, asipunguze ubora wa kinachoshikilia viungo.

Kwa mnunuzi wa mwambaoni, basi, maswali ya dukani ni manne: hadina hii ni ya joto gani, kipimo chake ni kwa ujazo au kwa uzito, inaiva kabisa baada ya siku ngapi, na karatasi ya usalama wake iko wapi. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo kuuliza hayo si usumbufu kwa muuzaji. Epoksi iliyohamishiwa kwenye chupa ya maji, bila lebo wala jina la hadina yake, haiwezi kujibu hata swali moja kati ya hayo. Aliyepewa chupa hiyo airudishe kaunta, hata ikiwa bei yake ni nusu.