Mmeachana: nani alipe deni, nani alipe mlango?

Wamama wa Butembo na Beni, swali linarudi kila mara: bwana amehama, kodi ya nyumba haijalipwa, na siku ya ugomvi mlango na sahani vilivunjwa. Nani alipe?

Sheria ya Jamaa ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema hivi: kama hamkuchagua mpango mwingine wa mali mlipooana, mlichopata kwa kazi wakati wa ndoa ni chenu wawili, hata kama risiti ina jina lake peke yake. Ulichokuja nacho na ulichorithi ni chako. Kodi, chakula na shule ya watoto ni mzigo wa wote wawili. Aliyevunja kitu cha mwenzake anapaswa kukilipa.

Basi, mbele ya kufagia vigae, piga picha. Andika orodha tatu: mali, madeni, vilivyoharibika. Familia zote mbili zitie sahihi. Wakikataa, peleka kwenye tribinali ya amani.

Na wewe uliyetolewa mbuzi tu: andikisha ndoa kwenye komini leo, wakati bado mnapendana. Bila karatasi, kudai haki yako ni vigumu.