Mto Uliobebeshwa Uchafu

Paukwa! Pakawa! Leo, wajukuu zangu, sina sungura wala fisi. Nina mito miwili ya Ujerumani, Ruhr na Emscher, na makaa ya mawe chini ya ardhi yake.

Karne ya 19 watu walimiminika huko kuchimba makaa na kuyeyusha chuma. Viwanda vikanywa maji ya mito hiyo, vikatapika humo humo. Mwaka 1901 homa ya matumbo ikaingia mji wa Gelsenkirchen: zaidi ya watu 3,000 wakaugua, mamia wakafa. Akaitwa Daktari Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu (na miaka michache kabla alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria). Kumbe kampuni ya maji ilikuwa imechomeka bomba kwenye mto Ruhr kimya kimya, ikichanganya maji mabichi na yale yaliyochujwa na mchanga.

Hata kabla ya hapo, mwaka 1899, miji, migodi na viwanda vilikuwa vimeunda ushirika wa Emscher. Mito ikagawiwa kazi: Ruhr uwe wa kunywa, Emscher ubebe vinyesi.

Mbona wasifukie mabomba ya huo uchafu? Hapo ndipo penye utamu. Makaa yalipotolewa, ardhi ya juu ilititia, mahali pengine zaidi ya mita 20! Bomba la chini lingevunjika kama muwa. Mfereji wa wazi ukipinda, unarekebishwa. Basi wakaunyoosha Emscher, wakautandikia zege, wakauzungushia ua watoto wasitumbukie. Hata mahali unapoingia mto Rhine palihamishwa mara mbili. Wenyeji wakaupa jina ambalo nikilitafsiri, mama zenu watanigombeza.

Migodi ilipopungua, ardhi ikatulia. Kazi ya kuusafisha ikaanza 1992: likachimbwa bomba la kilomita 51, sehemu nyingine mita 40 chini. Mwisho wa 2021 maji machafu yakakoma kumwagwa mtoni.

Ila ardhi iliyotitia haikuinuka. Mgodi wa mwisho wa makaa huko ulifungwa 2018, na hata sasa tunapoongea pampu zinavuta maji kutoka mabondeni, usiku na mchana, sikukuu na siku za kawaida. Zikizimwa, mitaa mizima itageuka ziwa, na mlango wa shule utafunguliwa na samaki. Kazi kama hizi Wajerumani wenyewe huziita kazi za milele.