Kinga ya Jua Itokayo Katika Mimea

Wakati wa adhuhuri, jua likiwa la utosini, ng'ombe hukimbilia chini ya mti, kuku hujificha uvunguni mwa ghala, nawe hutafuta kivuli. Mti wenyewe haukimbii. Husimama pale pale tangu asubuhi hadi jioni, siku zote za uhai wake, na majani yake hubaki mabichi. Je, umepata kujiuliza ni kitu gani kinachoyakinga?

Kabla ya kulijibu swali hilo yatupasa kujua jinsi jua linavyodhuru. Mwanga wa jua una rangi saba, zile tunazoziona katika upinde wa mvua. Rangi ya mwisho ni urujuani. Ng'ambo ya urujuani kuna mionzi mingine ambayo jicho haliwezi kuiona. Mionzi hiyo huitwa urujuanimno. Joto la jua unalihisi mwilini, lakini mionzi hii huwezi kuihisi, nayo ndiyo inayoichoma ngozi. Kwa sababu hiyo mtu aweza kuungua na jua hata siku yenye upepo wa baridi. Mionzi hiyo huingia katika seli za ngozi na kuziharibu. Seli zikiharibiwa tena na tena kwa miaka mingi, baadhi yake huweza kugeuka kuwa saratani.

Ngozi yetu ina kinga yake. Ndani yake imo rangi ya hudhurungi iitwayo melanini, ambayo hunasa sehemu kubwa ya mionzi. Mtu mwenye ualbino huzaliwa na melanini kidogo sana, au bila melanini kabisa. Katika Tanzania inakadiriwa kwamba mtoto mmoja kati ya kila watoto 1,400 huzaliwa na ualbino. Labda yumo mmoja darasani mwako. Kwake yeye kofia pana, shati la mikono mirefu na losheni ya kukinga jua si mapambo. Bila vitu hivyo saratani ya ngozi huweza kumpata angali kijana. Losheni za madukani huwa ghali, na katika miaka ya 2010 losheni iliyokusudiwa watu wenye ualbino ilianza kutengenezwa mjini Moshi, katika kituo kinachofundisha utabibu wa magonjwa ya ngozi.

Losheni za kukinga jua ni za aina mbili. Aina ya kwanza huwa na unga mweupe wa madini, kama vile oksidi ya zinki. Aina ya pili huwa na kemikali zitengenezwazo viwandani, ambazo nyingi hutokana na mafuta yachimbwayo ardhini. Losheni hizi zimewasaidia watu wengi sana. Hata hivyo baadhi ya kemikali zake zimeleta wasiwasi. Mwaka 2019 wataalamu wa Marekani waliwapima watu waliojipaka, wakazikuta baadhi ya kemikali hizo ndani ya damu yao. Kuwamo katika damu si sawa na kudhuru, lakini kitu kiingiacho katika damu hakina budi kuchunguzwa zaidi. Tena, waogeleaji wakiingia baharini, losheni huoshwa majini. Katika majaribio, kemikali iitwayo oksibenzoni ilionekana kuyadhuru matumbawe machanga. Ndipo visiwa vya Hawaii vikapiga marufuku uuzaji wa losheni zenye oksibenzoni na nyingine iitwayo oktinoksati, kuanzia tarehe 1 Januari 2021.

Sasa turudi kwenye mti wetu. Utazame mwembe unapochipua. Majani machanga si ya kijani. Yana rangi ya zambarau iliyochanganyika na wekundu. Wataalamu wengi huona kwamba rangi hiyo hulisaidia jani laini kuvumilia jua kali mpaka likomae. Lakini kinga kubwa ya mimea haionekani kwa macho. Katika ngozi ya jani mna kemikali ambazo hunasa urujuanimno na kuuacha mwanga wa kawaida upite, maana mmea wauhitaji mwanga huo ili kujitengenezea chakula.

Twajuaje kwamba kemikali hizo ni kinga? Wataalamu waliuchagua mmea mdogo uitwao Arabidopsis, ambao ni wa jamii moja na kabichi na haradali. Walipata baadhi ya mimea hiyo ambayo ilizaliwa haina uwezo wa kutengeneza kemikali hizo. Waliipanda pamoja na mimea mizima, wakaimulika yote kwa urujuanimno. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995: mimea iliyokosa kemikali ilidhurika zaidi kuliko ile mizima.

Moja ya kemikali za mmea huo huitwa sinapoili malati. Molekuli yake, yaani chembe yake ndogo kabisa, ikipigwa na mwonzi hujikunja, ikaugeuza mwonzi kuwa joto dogo. Jambo hilo hufanyika upesi mno. Ukiigawa sekunde moja katika sehemu milioni elfu moja, kazi hiyo huisha kabla hata sehemu moja haijapita. Kisha molekuli huwa tayari kuupokea mwonzi mwingine. Wataalamu wa Uingereza na Ufaransa wametengeneza kemikali zinazofanana na hiyo kwa matumizi ya ngozi ya binadamu. Kianzio chake chaweza kupatikana katika mashudu ya haradali, yaani makapi yabakiayo baada ya mbegu kukamuliwa mafuta.

Kuna kitu kingine katika mimea kinachonasa urujuanimno, nacho waweza kukichunguza mwenyewe. Kitu hicho ni lignini. Lignini ni kama gundi inayoshikamanisha nyuzi za mti na kuufanya mti uwe mgumu.

Jaribio. Chukua kipande cha gazeti jipya, pembeni pasipo na maandishi, na kipande cha karatasi nyeupe ya daftari. Viweke juani juu ya ubao. Katikati ya kila kipande weka jiwe bapa. Viingize ndani kila jioni visipate umande. Baada ya siku saba yaondoe mawe. Umeona nini?

Gazeti limegeuka rangi ya manjano, isipokuwa pale lilipokuwapo jiwe. Karatasi ya daftari haikubadilika sana. Sababu ni kwamba karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na lignini yake, na lignini hunasa mionzi ya jua ikabadilika rangi. Karatasi ya daftari huondolewa lignini kiwandani. Lignini hiyo iondolewayo ni nyingi sana duniani, na sehemu kubwa huchomwa kuwa kuni za kiwanda. Wataalamu wa mji wa Guangzhou, nchini China, waliichanganya lignini na losheni, wakaona losheni imezidi nguvu ya kuzuia mionzi. Hakuna mti unaokatwa kwa ajili hiyo, maana miti ilikwisha kukatwa kwa ajili ya karatasi. Tatizo lake umekwisha kuliona katika jaribio: ni rangi. Watu wengi hawapendi losheni inayowaachia hudhurungi usoni na katika kola ya shati, na wataalamu wangali wakitafuta njia ya kuipausha bila kuipunguzia nguvu.

Lakini usidhani kwamba kila kitokacho katika mmea ni salama. Maji ya ndimu yakibaki katika ngozi, kisha ngozi ikapigwa na jua, huweza kuleta malengelenge na madoa meusi yakaayo wiki nyingi. Ndani ya ndimu imo kemikali ambayo mionzi ya urujuanimno huiamsha ikawa kali. Basi, ukikamua ndimu, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka nje. Mafuta ya nazi hayachomi, na huilainisha ngozi vizuri, ila mionzi mingi huyapita.

Kwa hiyo kila kemikali mpya, iwe ya mmea au ya kiwanda, hupimwa kwanza. Je, huzuia mionzi? Je, yenyewe huharibika juani? Je, ngozi huivumilia, na samaki na matumbawe je? Upimaji huo huchukua miaka. Mpaka sasa losheni nyingi zinazouzwa hutumia madini au kemikali za viwandani. Mwenzako mwenye ualbino asiache losheni aliyopewa hospitalini ili ajipake maji ya majani.

Maswali

1. Kwa nini mtu aweza kuungua na jua hata siku yenye upepo wa baridi?
2. Katika jaribio, jiwe lilikuwa na kazi gani? Kwa nini tulitumia pia karatasi ya daftari?
3. Jirani amechemsha majani ya mti, naye ataka kumpaka mtoto wake mwenye ualbino ili kumkinga na jua. Ungemwuliza maswali gani?
4. Tafuta karibu na shule miti mitatu inayochipua. Majani yake machanga ni ya rangi gani? Yachore.