Goti la bandia litakunjika mpaka wapi?

Bandugu balisansie na wanafunzi, mimi ni mutu wa agronomia, si munganga. Lakini kwetu familia inakaa kikao juu ya goti la mama mukubwa: tuchange feza ya operesheni ya kubadilisha goti, ao hapana? Operesheni hiyo haiko karibu na Kisangani. Ni kuhesabu safari. Na yeye anauliza swali moja tu: atarudi kupalilia karanga? Nimesoma, nimeuliza mutu wa kine. Nawapa niliyoelewa.

Sababu ya kwanza ni goti lenyewe mbele ya operesheni. Munganga anabadilisha uso wa mifupa. Habadilishi misuli na nyama zilizokauka miaka mingi juu ya kutokunjwa. Mbegu nzuri kwenye udongo mugumu, munajua matokeo. Ndiyo maana mazoezi yanaanza mbele ya kisu, na kungoja mpaka goti lifunge kabisa ni hasara.

Tuhesabu sasa. Mguu ulionyooka ni digrii 0. Kutembea kunaomba karibu 70. Kupanda ngazi, karibu 90. Kuinuka kwenye kiti kifupi, zaidi ya 100. Kuchuchumaa, 130 na kupita. Magoti mengi ya bandia yanafika 110 ao 120. Kwa hiyo sokoni ataenda, toleka atapanda, lakini kuchuchumaa mbele ya mbabula tusimuahidi.

Sababu ya pili ni wiki za kwanza. Kovu linajenga ndani ya goti. Goti lisipotembezwa, kovu linalifunga. Ndiyo maana wagonjwa wengi wanasimamishwa siku ile ile ao kesho yake. Dawa ya maumivu inasaidia mazoezi yawezekane. Kuikataa ili kuonyesha uvumilivu kunarudisha goti nyuma. Uvimbe nao unazuia: barafu kwenye kitambaa, mguu juu.

Hapa upendo wa familia unaweza kuharibu. Tunamwambia mama alale tu, tunamuwekea mto chini ya goti. Goti linazoea kujikunja kidogo, kisha halinyooki tena, na mutu anatembea akichechemea. Mto uwekwe chini ya kisigino.

Kuna pia ugonjwa wa sukari, uzito, operesheni za zamani, maambukizo, na namna munganga alivyopanga vipande. Goti likibaki chini ya digrii 90 kisha wiki 6, arudi kwa munganga mbio: anaweza kumulalisha na kulikunja. Kisha wiki 12, kovu limekomaa, kazi inakuwa nguvu.

Mbele ya kuchanga feza, muulize mambo matatu: goti linakunjika digrii ngapi leo? Nani atalipa kine kwa miezi 3? Na nyumbani, nani atatafuta kiti kirefu, ainue mbabula juu ya meza, atie jembe muti murefu?