Shujaa Wetu ni Nani?

Kila mwaka, kabla ya msimu wa kahawa kuanza, huonekana katika vijiji vya Kamuli, wilayani Kyerwa, mtu ambaye wengi humjua na wengi humsifu. Huja na fedha mkononi wakati ambao mkulima hana kitu: mtoto anatakiwa shuleni na sare hana, mgonjwa yuko hospitali, akiba ya maharage imekwisha. Mtu huyo hahitaji barua wala kikao. Hutoa fedha papo hapo, na mkulima humwachia kahawa ingali mbichi mtini. Hapa Kagera biashara hiyo huitwa butura. Kahawa ikiiva, aliyepalilia huitazama tu ikipakiwa kwenye gari la mwingine.

Hata hivyo, vijana wanapokaa kijiweni jioni na kutaja mtu wanayetamani kufanana naye, mara nyingi humtaja huyo huyo. Ana pikipiki mpya, ana nyumba ya bati la rangi, na zaidi ya hayo "anasaidia watu". Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tunaongeza kwamba kikulacho huweza hata kukaa katika sifa zako.

Jambo hili si dogo, kwa sababu mtu hufuata nyayo za yule anayemstahi. Jamii inayokosea katika kuchagua mashujaa wake, imekwisha kukosea katika kuchagua njia yake. Kwa hiyo katika makala hii tutaeleza mambo matatu. Kwanza, jinsi sifa za ushujaa zilivyogawanywa zamani katika nchi hii ya Karagwe. Pili, ni watu gani ambao sisi tunawastahi, na kwa sababu zipi. Tatu, ni wajibu gani unaotuangukia sisi tunaowasifu.

Nyundo za mfalme na jina la mhunzi

Kyerwa ilimegwa kutoka wilaya ya Karagwe mwaka 2012, lakini historia yetu ni moja. Mwaka 1861 wasafiri wa Kiingereza, Speke na Grant, walipofika hapa, walipokelewa na Mfalme Rumanyika, ambaye ikulu yake ilikuwa Bweranyange. Ufalme huo ulikuwa na hazina yake ya vitu vya chuma: mikuki, nyundo, na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa ustadi mkubwa. Vitu hivyo vinahusishwa na Ndagara, baba yake Rumanyika. Ni ushahidi kwamba babu zetu walikuwa mafundi kabla ya mkoloni kuja kudai kwamba yeye ndiye aliyetuletea ustaarabu.

Lakini tujiulize swali moja rahisi. Ni nani aliyefua chuma kile? Jina la mfalme tunalo. Jina la mhunzi hatunalo. Hatunalo jina la aliyechimba mawe ya chuma, wala la aliyechoma mkaa, wala la mama aliyempelekea mhunzi chakula pale tanurini. Katika mkoa huu pia ilikuwako, na bado iko, sanaa ya enanga: mwimbaji hupiga ala yake ya nyuzi na kusimulia habari za wafalme na mashujaa wa vita. Ni sanaa adhimu, na wataalamu wetu kama Profesa Mulokozi wameifanyia kazi kubwa ili isipotee. Hata hivyo, aliyelima shamba hakuimbiwa mara nyingi.

Hatusemi haya kwa kuwabeza wazee wetu. Tunaeleza tu kwamba sifa nazo zilikuwa na mwenyewe, kama ardhi ilivyokuwa na mwenyewe. Chini ya mfumo wa nyarubanja mkulima alilima ardhi ya bwana na kumlipa malipo kila mwaka. Mfumo huo ulifutwa kwa sheria katika miaka ya 1960, baada ya Uhuru. Lakini nyarubanja ya fikra haikufutwa siku hiyo hiyo. Bado tunayo kasumba ya kumwona mwenye mali kuwa ndiye mtu, na mwenye jasho kuwa ni mkono wake tu.

Watu tunaowastahi

Wa kwanza ni wale waliowaonyesha wakulima nguvu ya kukaa pamoja. Mwaka 1924 Klemens Kiiza na wenzake, akiwamo Suedi Kagasheki, walianzisha Umoja wa Wahaya wa Bukoba. Wakati huo kahawa ilikuwa ya Mwafrika shambani, lakini bei yake ilikuwa ya wengine. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizikataa waziwazi amri za kikoloni kuhusu kilimo cha kahawa, kwa kuwa waliona wanapangiwa juu ya mali yao bila kuulizwa. Mwaka 1950 ukaundwa Ushirika wa Wenyeji wa Bukoba, BNCU. Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe, KDCU, kilichoanza mwaka 1990, kinatokana na mapambano hayo marefu. Kiiza alikuwa mfanyabiashara, wala hatumfanyi malaika. Tunamstahi kwa sababu alitambua kwamba mkulima mmoja mwenye gunia lake ni ombaomba, bali wakulima elfu wenye magunia elfu ni nguvu.

Wa pili ni wale waliokufa katika Vita vya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi yetu kaskazini ya mto Kagera. Yakaua, yakapora, yakachoma nyumba, na daraja la Kyaka likavunjwa. Waliokwenda kumwondoa adui hawakuwa wanajeshi wa kawaida peke yao. Maelfu walikuwa mgambo, yaani wakulima na wafanyakazi waliotoka vijijini na viwandani, wengi wao wakiwa hawajapata kuuona mkoa huu. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979. Baadhi yao wamelala Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka kwa mkuki, ngao na mashada ya maua. Kijana wa Lindi au Dodoma aliyefia Kagera hakuwa na shamba hapa, wala ukoo. Alikufa kwa ajili ya watu asiowajua majina. Huo ndio udugu kwa maana yake kamili.

Wa tatu ni mwanamke mmoja mzee, Bi. Holaria Pastory. Alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988, kwa kuwa umri ulikuwa umekwenda na hakuwa na wa kumtunza, aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu yake wa ukoo alikwenda mahakamani kudai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikatengua mauzo yale. Mahakama ya wilaya ikampa mama haki yake. Rufaa ikafika Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mila inayomruhusu mwanamume kuuza na kumkataza mwanamke inapingana na Katiba ya nchi, ambayo ilitiwa Tamko la Haki za Binadamu mwaka 1984. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 nazo zikatamka kwamba haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Bi. Holaria hakushika bunduki, wala hakuhutubia mkutano. Alikataa tu kusema "basi" pale alipoambiwa kwamba haki si yake.

Wa nne hawana majina katika vitabu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983, wakati ambapo wananchi waliuita ugonjwa huo Juliana. Kwa miaka zaidi ya ishirini, mpaka dawa zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, nyumba baada ya nyumba ilizika baba na mama. Ni nani waliobaki? Walibaki mabibi. Bibi aliyedhani kwamba amemaliza kulea, alichukua tena jembe akiwa na miaka sabini, akawalisha wajukuu watano kwa ndizi na maharage, akawapeleka shule. Wajukuu hao leo ni walimu, wauguzi, madereva na wakulima. Kama isingekuwa mikono ya mabibi hao, tungekuwa leo tunazungumza habari za mkoa mwingine. Hawa ndio wahunzi wetu wasiotajwa, na tusiporekebisha hesabu zetu, majina yao yatapotea kama yalivyopotea ya wahunzi wa Ndagara.

Wa tano ni Mwalimu Julius Nyerere. Sababu za kumstahi ni nyingi, nasi hapa tutaitaja moja ambayo husahauliwa. Mwaka 1976 serikali yake ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na pigo hilo liliwafikia wakulima wa kahawa wa mkoa huu. Kabla ya hapo, mwaka 1972, serikali za mitaa zilikuwa zimeondolewa. Mambo hayo mawili yalikuja kurekebishwa, na Mwalimu mwenyewe, mwaka 1984 akiwa bado Rais, aliyataja hadharani kuwa ni makosa. Mwaka uliofuata aling'atuka kwa hiari. Viongozi wangapi duniani wamefanya hivyo? Anayemstahi Mwalimu kwa kusema kwamba hakukosea kamwe, hamjui Mwalimu. Kukosoa na kujikosoa ilikuwa ni sehemu ya uongozi wake, wala haikuwa pambo la hotuba.

Mizani ya ushujaa

Tukiwatazama watu hawa kwa pamoja, tunaona kwamba hawafanani kwa elimu, kwa dini, kwa cheo, wala kwa jinsia. Wanafanana katika mambo matatu.

Kwanza, tendo la kila mmoja liliongeza uwezo wa wengine. Baada ya Kiiza, wakulima walijua kuungana. Baada ya Bi. Holaria, kila binti wa Kagera alikuwa na hoja ya kusimama nayo mahakamani. Pili, kila mmoja alilipa gharama yeye mwenyewe. Hakumtuma mwingine akamlipie. Tatu, tendo lake linaweza kuigwa na mtu wa kawaida.

Sasa tumpime kwa mizani hiyo yule bwana wa butura. Je, fedha yake inamwongezea mkulima uwezo? Hapana, mwaka unaofuata mkulima hurudi kwake akiwa dhaifu zaidi. Je, ni yeye anayelipa gharama? Hapana, gharama hulipwa na mti wa kahawa na mgongo wa aliyeupalilia. Je, wote wanaweza kumwiga? Haiwezekani, kwa kuwa ili mmoja awe mnunuzi wa butura ni lazima ishirini wawe wauzaji. Basi huyo si msaidizi. Ni mlanguzi anayeuza muda, na bei ya muda wake ni jasho letu.

Lakini tuseme kweli yote. Mkulima haendi kwenye butura kwa ujinga. Huenda kwa sababu shida haingoji msimu, na kwa sababu mara nyingine chama chake cha msingi huchelewesha malipo, au viongozi wake huona kikao kuwa ni mahali pa kujigawia posho. Butura imepigwa marufuku mara nyingi, na bado ipo. Marufuku peke yake haimshindi mlanguzi. Atashindwa siku ile chama cha msingi kitakapokuwa na mfuko wa kumkopesha mwanachama wakati wa shida kwa masharti ya haki, na hesabu za mfuko huo zikasomwa mbele ya wote.

Wajibu wetu

Kumsifu shujaa bila kufanya alilolifanya ni njia mojawapo ya kukwepa kazi. Tunaimba jina lake, kisha tunarudi nyumbani tukidhani kwamba tumetimiza wajibu. Anayemstahi Kiiza na ahudhurie mkutano wa ushirika, aulize hesabu. Anayemstahi Bi. Holaria na amwandikie binti yake sehemu ya shamba angali hai. Anayewastahi waliolala Kaboya na amtendee mema mtu wa mbali asiye wa ukoo wake. Anayemstahi Mwalimu na akubali kukosolewa mbele ya watu anaowaongoza.

Na walimu wa shule zetu za Kamuli wawape wanafunzi zoezi hili: kila mmoja aende nyumbani, amwulize bibi yake aliwalea watoto wangapi wasio wa tumbo lake, kwa mazao gani na katika miaka ipi, kisha aandike majina. Daftari la namna hiyo halina gharama kubwa. Mhunzi wa Bweranyange hakupata wa kumwandikia. Sisi kalamu tunazo.